Gumba na Besi: Shajara ya Wimbo Mmoja, Lubumbashi

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba

Leo tumeanza mazoezi ya wimbo tutakaouwasilisha mbele ya walimu wetu tarehe 20 Desemba, na nimeamua kuandika hatua zake tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwaka uliopita nilifanya kazi ya miezi mitatu ambayo baadaye nilishindwa kueleza ilifikaje pale ilipofika. Tuko watano. Mimi ninapiga gitaa la mbao lenye nyuzi za chuma. Mwenzangu anapiga gitaa la umeme katika nafasi ya mi-solo, yaani ile sauti ya katikati inayounganisha solo na gitaa la kusindikiza. Yuko mpiga besi, yuko mpiga ngoma, na yuko mwimbaji wetu, ambaye sote tunamwita Yaya kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Tunakutana mtaa wa Katuba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wa mpiga ngoma, chenye dirisha moja na mabati ambayo mwezi huu yanawaka tangu saa nne asubuhi.

Wimbo ni wetu wenyewe. Nimeujenga juu ya akodi tatu tu, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja, do, fa na sol, na Yaya ameandika maneno yanayomhusu mtu anayeleta makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli, magunia yamerundikwa nyuma, akiisukuma baiskeli hiyo zaidi ya anavyoipanda. Kusudi langu ni kuchukua upigaji wa gitaa wa Katanga, eneo letu hili la migodi, ule wa vidole viwili, na kuuingiza katika bendi yenye besi na ngoma bila kuuharibu. Nikiwa peke yangu naweza kuupiga hata mtu akautambua. Sijawahi kuupiga nikiwa na watu wanne pembeni.

Nieleze jinsi ulivyo, kwa kuwa mengi nitakayoandika yatatoka hapo. Gumba linashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinashika nyuzi nyembamba, na vidole vitatu vilivyobaki vinapumzika. Katika wimbo wetu kila mzunguko una mapigo madogo 12. Gumba linaangukia pigo la 1, la 4, la 7 na la 10; kidole cha shahada kinaangukia la 1, la 3, la 5, la 7, la 9 na la 11. Kwa hiyo vinakutana mara mbili tu, kwenye la 1 na la 7, na mahali pengine pote kila kimoja kinakwenda njia yake. Kidole cha shahada kikikosea, msikilizaji anasamehe. Gumba likikosea, wimbo mzima unachechemea.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Nimerekodi mazoezi kwa simu, kisha nyumbani nikapima kasi yetu kwa metronomu, chombo cha kuhesabia mapigo. Tulianza tukiwa na mapigo 96 kwa dakika, na baada ya dakika tatu tulikuwa 108. Mpiga ngoma alisema ni yeye, kwa sababu yeye hupenda kusukuma wimbo unapokaribia kiitikio. Nimesikiliza tena mara nne, na si yeye. Anayekimbia ni mimi, na yeye ananifuata kwa adabu.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Kuna mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo, jirani wa shangazi yangu, aliyefanya kazi katika migodi ya shaba hadi alipostaafu, na ambaye kila jioni hupiga gitaa mbele ya nyumba yake akiwa ameketi kwenye kigoda. Nilikwenda kumsalimu nikiwa na gitaa langu mgongoni. Nikamweleza habari ya wimbo, akaniomba nimpigie. Nilipiga mizunguko labda kumi, akanyanyua mkono.

"Kidole yako iko inakimbia, mwana," alisema. "Iko inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza wimbo unasema nini, nikamwambia unamhusu mtu wa makala. Akacheka kidogo, kisha akasema kwamba mtu wa makala hakimbii hata kwenye mteremko, kwa sababu akikimbia ataanguka yeye na gunia, na ndivyo lilivyo gumba: limebeba mzigo, lisishindane na kidole chepesi. Akanipokonya gitaa na kupiga gumba peke yake, do ya chini na mi ya juu yake, do na mi, kwa muda mrefu kiasi kwamba niliona aibu kuendelea kuangalia mkono wake na nikaanza kuangalia uso. Macho yake yalikuwa barabarani. Aliitikia salamu za wapita njia wawili, akamwelekeza mtoto dukani, na gumba halikutikisika.

Mazoezi aliyonipa ni hayo tu: gumba peke yake, dakika 20 kila siku, huku ninazungumza na mtu. Nimeanza kwa kasi ya 60. Nimegundua kwamba naweza kupiga huku naimba, lakini mtu akiniuliza swali linalohitaji kufikiri, gumba linasimama. Mdogo wangu amefurahi sana kupewa kazi ya kuniuliza hesabu.

Jumamosi, tarehe 25 Oktoba

Leo tumegombana, na nataka kuandika ugomvi huu kwa uangalifu kwa kuwa naamini ndio kiini cha mradi.

Mpiga besi alisimama katikati ya ubeti wa pili akasema, "Ndugu, nipe kazi yangu au nirudi nyumbani." Alikuwa na haki. Kila anapopiga do, gumba langu lilikwisha kuipiga; kila anapojaribu kuongeza noti ya kupitia kati ya do na fa, gumba langu linapiga mi mahali hapohapo na noti mbili zinasuguana. Ili aepukane nami, alikuwa amepanda juu ya shingo ya besi, nafasi ya 10 kati ya vyuma vya shingo, kwenye uzi wa noti ya re, bila kujua kwamba pale ndipo kuna do ileile ninayoipiga mimi kwenye nafasi ya 3 ya uzi wa noti ya la: herzi 131 kwangu, yaani mitetemo 131 kwa sekunde, herzi 131 kwake. Alikuwa amehama nyumba akaja kuingia chumbani kwangu. Kwenye kinasa sauti hatusikiki kama watu wawili wanaosaidiana. Panasikika sauti moja nene isiyo na umbo, na Yaya anaimba juu yake kama mtu anayetembea kwenye tope.

Nilijitetea vibaya. Nilisema kwamba upigaji wa Katanga ndivyo ulivyo na kwamba siwezi kuukata gumba. Mpiga mi-solo akanijibu kwamba, kama ndivyo, basi niende nikapige peke yangu. Tulinyamaza. Yaya alituletea maji, tukapiga kiitikio peke yake mara tatu, tukaagana.

Jioni nimefikiri. Upigaji huu ulikua katika miji ya migodi, mikononi mwa watu waliokuwa na gitaa moja na hawakuwa na bendi. Reli ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiitwa Elisabethville, na kampuni ya migodi ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na kwingineko, ambao baada ya kazi walipiga nyimbo zao katika kambi na katika siti, yaani mitaa ya Waafrika. Mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alikuwa peke yake mbele ya kinasa sauti alipopiga wimbo wake Masanga. Gumba lake lilikuwa besi kwa sababu besi nyingine haikuwapo. Mwalimu ametusikilizisha rekodi hiyo darasani mara nyingi na ametuonyesha noti zake kwenye karatasi, lakini sikuwahi kujiuliza gumba lile lingefanya nini kama mtu wa besi angekaa kwenye kiti cha pembeni. Orkestra za umeme zilizokuja baadaye ziligawanya kazi: besi chini, gitaa la kusindikiza, mi-solo, solo juu. Mimi nimeingia katika kundi lililogawanywa namna hiyo nikiwa bado na majukumu yote ya mtu mmoja.

Kwa hiyo swali si kama gumba libaki au likatwe. Swali ni gumba likae wapi pale mwenye besi anapokuwapo.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Ukucha wa kidole cha shahada umekatika nilipokuwa nikifua nguo. Nitapiga kwa nyama ya kidole kwa siku kumi hivi. Sauti ni laini mno, lakini haina budi.

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha jana, na gitaa limeitika. Katika miezi ya kiangazi mbao hukauka, uso wa gitaa hushuka, nyuzi hukaribia vyuma vya shingo na kuanza kulia kama nzi. Mimi huweka sponji yenye unyevu ndani ya mfuko wake, lakini Oktoba sponji haitoshi. Leo kelele imetoweka kwenye uzi wa mi ya chini bila mimi kugusa kitu. Inabidi sasa nipatanishe nyuzi upya mara mbili kwa siku.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Umeme ulikatika saa tano, tulipokuwa hatujamaliza hata mzunguko wa utangulizi. Tulingoja nusu saa. Kisha Yaya akasema kwamba yeye hakutoka mtaa wa Ruashi kwa mabasi mawili ili kuja kukaa gizani, na kwamba gitaa la mbao halihitaji ruhusa ya mtu.

Nikapiga. Mpiga ngoma aliacha ngoma zake kwa kuwa zingenifunika, akachukua chupa tupu ya soda na kijiko. Hilo si jambo jipya: wapiga gitaa wa zamani wa mkoa huu walisindikizwa mara nyingi kwa chupa, na mzee wa Kamalondo aliwahi kuniambia kwamba chupa nzuri ni ile nzito yenye mistari mgongoni. Lakini sisi hatukuwahi kujaribu. Aligonga pigo la 1, la 3, la 5, na kuendelea, yaani palepale panapoangukia kidole changu cha shahada. Kisha, labda kwa kuchoka, akahama akagonga pamoja na gumba. Nilihisi tofauti tumboni kabla ya kuisikia. Alipokuwa na kidole cha shahada, nilikuwa navutwa mbele. Alipohamia kwa gumba, nilikuwa nimeshikwa mkono.

Mpiga besi hakuwa na la kufanya kwa kuwa besi yake bila umeme haisikiki. Aliketi sakafuni karibu na goti langu akasikiliza. Baada ya mizunguko mingi alianza kuvuta uzi mmoja tu kwa nguvu, huku ubavu wa besi yake ukiwa umeegemea mlango wa mbao ili mlango utoe sauti. Kilichosikika ni noti moja kwa kila mzunguko, kwenye pigo la 1, kisha kimya kirefu. Nikaona kwamba noti hiyo moja haikunisumbua hata kidogo. Kinyume chake, kimya kilichofuata kilinifanya nipige kwa utulivu zaidi, kwa kuwa nilijua atarudi.

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima. Hakuna aliyerekodi, simu zote zilikuwa zimeisha chaji. Nasikitika, lakini nakumbuka alivyopiga.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Umeme ulikuwapo, na tulijaribu kuyapanga yale ya wiki iliyopita. Nimeyaandika tulivyokubaliana, ili tusije tukasahau.

Besi haipandi tena juu ya nafasi ya 5. Inapiga pigo la 1, inanyamaza, na inarudi kwenye pigo la 10 ili kutuingiza katika akodi inayofuata. Mpiga besi alikuwa na wasiwasi kwamba watu watamwona mvivu, nami nilimwambia kwa dhati kwamba ile noti yake ya mlangoni ndiyo iliyonifundisha wimbo wangu mwenyewe.

Gumba langu linahama. Besi inapokuwa kimya, yaani katika utangulizi na kati ya beti, nabaki kwenye nyuzi nene kama desturi. Besi inapoingia, napandisha gumba hadi kwenye uzi wa re na uzi wa sol: kwa akodi ya do napata mi na sol, kwa fa napata fa na la, na kwa sol napiga re na sol zikiwa wazi. Mwendo wa gumba haubadiliki hata kidogo, bado ni la 1, la 4, la 7 na la 10. Kilichobadilika ni mahali pake tu. Besi inaachiwa kina chote.

Niliogopa kwamba upigaji utapoteza tabia yake. Haukupoteza, na nafikiri sababu ni kwamba tabia hiyo haikuwa katika unene wa nyuzi bali katika vidole viwili kutokubaliana. Kwa mpiga mi-solo lakini mambo yamekuwa magumu, kwani gumba langu sasa limeingia katika eneo lake. Ameamua kupiga juu zaidi, kuanzia nafasi ya 8, na kunyamaza kabisa Yaya anapoimba ubeti. Ameamua mwenyewe, bila kuombwa, na baada ya maneno tuliyoambiana mwezi uliopita nimelithamini sana jambo hilo.

Jumamosi, tarehe 22 Novemba

Watu watatu tu kwa sababu ya msiba. Tumepiga utangulizi pekee.

Jumamosi, tarehe 29 Novemba

Kasi: mwanzo 92, mwisho 95. Tumekubaliana kushuka kutoka 96 kwa kuwa Yaya alikuwa anameza silabi za mwisho, na wimbo wa mtu anayesukuma baiskeli hauhitaji haraka.

Mwalimu alikuja kutusikiliza. Alikaa mlangoni bila kuandika chochote. Mwishoni alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba chupa ibaki katika wimbo, isiwe ya utangulizi tu, na mpiga ngoma aigonge kwa mkono wa kulia huku mguu wake ukiwa kwenye ngoma kubwa. La pili, kwamba anasikia mahali gumba linapohama. "Sitaki kusikia umehama," alisema. "Nataka kukuta umeshafika."

Nilijua anazungumzia mahali gani. Besi inaingia kwenye mzunguko wa tisa. Mimi sina budi kutoka kwenye uzi wa la kwenda uzi wa re katika nafasi ya mapigo mawili madogo, kati ya pigo la 10 la mzunguko wa nane na pigo la 1 la wa tisa, na katika nafasi hiyohiyo kidole cha shahada lazima kiguse uzi wa noti ya si kwenye pigo la 11. Mkono unapohama, kidole cha shahada kinachelewa kwa kiasi kidogo kama kope. Hakuna mtu sokoni angekisikia. Mwalimu alikisikia, na tangu aliponiambia nami siwezi kuacha kukisikia.

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Nimerudi Kamalondo. Nilimkuta mzee akitengeneza redio. Nilimwonyesha mahali panaponisumbua, akaniomba nirudie polepole, kisha polepole zaidi. Aliangalia kifundo cha mkono wangu, si vidole. Ninapohamisha gumba, nainua mkono wote, kama mtu anayevuka mtaro. Akaweka kidole chake kimoja juu ya kifundo changu, kwa uzito mdogo tu, akaniambia nipige. Sikuweza kuinua mkono. Gumba likalazimika kujifungua lenyewe kutoka kwenye kiungo chake, kama mlango unavyofunguka kwenye bawaba, na kidole cha shahada kikabaki kilipo. Pigo la 11 likaanguka mahali pake.

Alipoondoa kidole chake nilikosea tena. Lakini sasa najua kosa liko kwenye kifundo. Kwa miezi miwili nilikuwa nalitafuta kwenye gumba.

Nilimwuliza kama atakuja tarehe 20. Alisema akipata mtu wa kumsindikiza atakuja. Mpiga besi amejitolea kumfuata kwa pikipiki.

Jumamosi, tarehe 13 Desemba

Mazoezi ya mwisho ya kundi zima kabla ya siku yenyewe. Tumepiga wimbo mara sita tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mvua ikigonga mabati kwa nguvu kiasi kwamba katika mara ya nne hatukumsikia Yaya kabisa na tulimfuata kwa kuangalia midomo yake. Hata hivyo tulimaliza pamoja. Kasi ya mara ya mwisho: mwanzo 92, mwisho 93.

Yaya amebadilisha mstari mmoja katika ubeti wa tatu, na ni mzuri kuliko wa zamani. Mpiga mi-solo amepata kijisauti kidogo anachokiingiza kwenye kimya cha besi, kati ya pigo la 7 na la 10, mara moja tu katika kila ubeti, na kila kinapokuja mpiga besi hutabasamu. Chupa ya kwanza imepasuka. Tunayo nyingine, nzito kidogo, yenye sauti ya chini zaidi, na nimeanza kuipenda.

Mzunguko wa tisa umekwenda sawa mara nne kati ya sita. Mara mbili zilizoharibika ni ya kwanza, nilipokuwa bado sijapata joto la mkono, na ya tano, nilipoanza kufikiria mkono wangu badala ya kusikiliza chupa. Zimebaki siku saba. Kuanzia kesho nitapiga mzunguko wa nane na wa tisa pekee, kwa kasi ya 60, asubuhi kabla ya kupiga kitu kingine chochote, mdogo wangu akiwa ameweka kidole chake juu ya kifundo cha mkono wangu.